Kabla Hujaandika Andiko, Uliza Hela Iko Fungu Gani

Kila likitoka tangazo la ruzuku ya faundesheni ya jamii maneno ya barazani ni yale yale: ah, hizo hela washagawana wenyewe, sie tunaitwa tujaze fomu tu ionekane kulikuwa na ushindani. Wete kule Pemba utayasikia, Mwanakwerekwe hapa Unguja utayasikia, na siwezi kusema hayana ukweli hata chembe manake kupeana kupo, lakini mie nshawahi kukaa upande wa pili wa meza, upande wa wanaosoma maandiko ya kuomba hela, na nilichokiona ni kuwa jumuiya nyingi zinakosa kwa sababu nyengine kabisa, tena sababu kavu isiyo na fitna yoyote ndani yake. Zimeomba hela ambayo mkurugenzi mwenyewe wa faundesheni hana ruhusa ya kuwapa. Hela ipo, anaiona kwenye hesabu zake, lakini imefungwa, na aliyeifunga pengine keshafariki zamani au yuko Ulaya na Unguja hajawahi kufika.

Kwanza tujue tunazungumzia kitu gani, mana watu wanachanganya. Faundesheni ya jamii si TASAF, ile ni ya serikali na kazi yake kubwa ni kupeleka hela kwa kaya masikini. Si ubalozi, ambao hela yake ni kodi ya wananchi wa kwao na masharti yanaandikwa huko kwao. Si faundesheni ya familia wala ya kampuni, ambapo mwenye mali au wanawe ndo wanaokata shauri. Hii ni chombo kinachokusanya michango na mali za watu wengi wa sehemu moja, matajiri na wa kawaida, walio hai na waliotangulia, kinazitunza kwa pamoja, halafu kinatoa ruzuku kwa asasi za sehemu hiyo hiyo, na bodi yake inatakiwa iwe ya watu wa hapo hapo wanaojua wapi maji hayatoki na skuli gani haina vyoo.

Ya kwanza ilianzishwa 1914 kule Cleveland, Marekani, na bwana mmoja wa benki akiitwa Frederick Goff. Kilichomsumbua Goff ni wasia. Benki yake ilikuwa inashika mali za matajiri waliokufa, kila mmoja kaacha sharti lake, na masharti mengine yalikuwa yashapitwa na wakati lakini mahakama haziyaachii kirahisi. Mfano unaotajwa sana ni wa Bryan Mullanphy, aliyepata kuwa meya wa St. Louis, ambae alipofariki 1851 aliacha thuluthi ya mali yake iwasaidie masikini na wasafiri wanaopita mjini hapo kwenda kuhamia magharibi ya nchi. Zama zile walikuwa wengi. Baadae mambo yakabadilika, wasafiri wa namna ile wakapungua, na fungu likabaki pale linasubiri watu ambao hawaji tena. Goff akasema basi tuziweke mali hizi chini ya kamati ya wenyeji, na kamati iwe na nguvu ya kuyabadilisha matumizi pale sharti la mwanzo linapokuwa halitekelezeki.

Sie hapa tuna kitu kinachofanana na hicho, tena kikongwe kuliko cha Goff kwa karne nyingi: wakfu. Mtu anaweka nyumba yake ya Mji Mkongwe wakfu, nyumba haiuzwi wala hairithiwi, kodi yake ndo inayokwenda msikitini, au kwa masikini, au kwa dhuria wake, na leo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ndo yenye kusimamia. Ukilielewa hilo ushaielewa nusu ya faundesheni ya jamii. Mali ya asili haiguswi, kinachotumika ni kile inachozaa. Tofauti iko kwenye sharti: kwenye wakfu mafakihi wanasema sharti la mwenye kuweka ni kama nassi ya sheria, haligusiki ovyo, wakati Goff alitaka bodi iwe na mlango wa kutokea. Lakini mlango huo unafunguliwa mara chache sana. Usidhani bodi inakaa kila mwezi inageuza matakwa ya watu.

Sasa tupige hesabu kidogo. Tuchukulie faundesheni ina mali ya shilingi 2,000,000,000 iliyowekezwa. Ukisikia bilioni mbili unasema hawa wana hela, kwa nini wanatunyima milioni tano? Lakini wanachokitoa kwa mwaka si bilioni mbili. Kule Marekani faundesheni nyingi za jamii zinatoa kama asilimia 4 mpaka 5 ya mali yao kwa mwaka, tena mara nyingi si ya mali ya leo, ni ya wastani wa miaka kadhaa nyuma, ili mwaka ambao masoko yanaporomoka kama ilivokuwa 2008 ruzuku zisikatike kwa mkupuo. Asilimia 5 ya bilioni mbili ni milioni 100. Katika hizo toa milioni 20 za ofisi na mishahara. Toa 25 za wanafunzi, manake aliyeitoa hela hiyo alisema ni ya masomo tu. Toa 15 za kituo cha afya kimoja kilichotajwa kwa jina. Toa 20 ambazo wafadhili wenyewe bado wako hai na wana haki ya kushauri ziende wapi. Imebaki milioni 20. Kila jumuiya ikipewa milioni tano, wanapata wanne. Na maandiko mezani yako sitini. Huo mfano ni wangu, lakini umbo lake ndo lilivo kokote utakapokwenda.

Kwa hiyo neno la maana hapa ni fungu. Faundesheni moja ndani yake ina mafungu mengi na kila fungu lina tabia yake. Kuna fungu huria, bodi inaamua yenyewe, na hili ndo kila mtu analigombania na mara nyingi ni dogo. Kuna fungu la mada, mtoaji kasema iwe mazingira, au watoto, au wenye ulemavu, basi, ndani ya mada hiyo bodi inachagua. Kuna fungu lililotajwa, linakwenda kwa taasisi moja kila mwaka na hata usijisumbue kuliombea. Kuna fungu la masomo. Halafu kuna lile la mfadhili mshauri, ambalo limekuwa kubwa sana huko Marekani: mtu anatoa hela yake, kisheria si yake tena ni ya faundesheni, lakini kila mwaka anasema ningependa hii iende kwa fulani, na bodi ikishahakikisha huyo fulani ni asasi halali inakubali karibu kila mara. Fungu hili halina tangazo. Hulipati kwa kuandika andiko zuri, unalipata kwa kujulikana, yaani yule afisa wa ruzuku akiulizwa na mfadhili "hivi Micheweni nani anafanya kazi nzuri na akina mama?" jina lenu ndo limjie kwanza. Ndo mana nawaambia watu, siku za wazi na vikao vya kutambulishana msivione ni kupoteza muda, hata kama hamtorudi na bahasha.

Na kuna fungu la mwisho ambalo huku kwetu Afrika Mashariki ndo kubwa khasa: hela ya kupita. Mfadhili mkubwa wa nje anaipa taasisi ya hapa fungu la miaka mitatu, taasisi inaligawa vipande vidogo kwa jumuiya. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam kwa miaka mingi imefanya kazi kwa njia hiyo, hela zake nyingi zimetoka kwa serikali za nje, na ruzuku zake zimefika mpaka visiwani. Kenya wana Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa 1997, hawa walijitahidi mapema kuwa na mali yao wenyewe iliyowekezwa na kuzihimiza jamii nazo zichangie sehemu yao. Hapa kwetu kuna Milele Zanzibar Foundation inayojulikana kwa elimu na afya, lakini hiyo si ya kukusanya michango ya jamii kwa maana ile ya Cleveland. Nawataja ili msiende mlango mmoja na karatasi ya mlango mwengine. Hela ya kupita ina mada iliyopangwa mbali, ina tarehe ya mwisho isiyosogea, na ina ripoti ambayo inabidi iunganishwe na ile ambayo taasisi inampelekea mfadhili wake. Afisa wa hapa hata akikupenda vipi, akikupa wewe hela ya utawala bora ukajengee kisima, yeye ndo ataulizwa.

Hebu tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama wa mwani huko Micheweni, si kikundi cha kweli, wa kupigia mfano tu. Wanataka mashine ya kusagia mwani watengeneze sabuni, mana mwani mkavu bei yake ni ndogo mno. Wakiomba fungu la kipato, sawa kabisa. Wakiomba fungu la mabadiliko ya tabianchi, inawezekana pia na si uongo, kwa sababu maji ya pwani yamepata joto na ile aina ya kotonii yenye bei nzuri inakufa kwenye maji mafupi, kwa hiyo kuongeza thamani ya ule mwani unaobaki au kuhamia maji marefu ni njia ya kukabiliana na joto. Wataeleza hivo na ni kweli tupu. Lakini wakiona tangazo la afya ya uzazi wakaanza kuandika kuwa mashine ya sabuni itapunguza vifo vya wajawazito, hapo washajiharibia, na msomaji atacheka halafu ataweka andiko pembeni. Kulisogeza andiko likae vizuri mbele ya fungu ni akili. Kulipindisha ni kupoteza muda wa kila mtu, na jina la kikundi linakumbukwa vibaya mwaka unaofuata.

Sasa mchakato wenyewe. Tangazo likitoka, ofisi nyingi siku hizi hazitaki andiko zima kwanza, wanataka dokezo la kurasa mbili au tatu: nyie nani, tatizo nini, mtafanya nini, kiasi gani. Lisomeni tangazo mpaka mwisho jamani, hata yale maandishi madogo. Kima cha juu kikiwa milioni 10 na nyie mkaomba 14 kwa matumaini kuwa watapunguza, hawapunguzi, wanalitoa. Tena linatolewa na kijana wa ofisini mwenye orodha ya kutia tiki, halimfikii hata huyo mnaedhani ana chuki na nyie.

Baada ya hapo zinakuja karatasi, na hapa ndo wengi wanapoangukia. Cheti cha usajili, katiba, muhtasari wa mkutano uliochagua viongozi waliopo, akaunti ya benki yenye waweka saini si chini ya wawili, hesabu za mwaka uliopita. Mambo madogo yanaua: jina kwenye cheti ni "Jumuiya ya Maendeleo ya" kitu fulani na jina la akaunti limefupishwa, au mwenyekiti aliyeko kwenye muhtasari alihamia Muscat zamani na saini yake bado ndo ya benki, au uchaguzi katiba inasema kila miaka mitatu na wa mwisho watu hawakumbuki. Na kwetu sie kuna la ziada. Zanzibar usajili wa jumuiya una sheria yake, kwa miaka mingi ikiwa ni Sheria ya Jumuiya namba 6 ya 1995, wakati bara wana sheria yao ya mashirika ya 2002 ambayo huku haifiki. Fomu iliyotengenezwa Dar inaweza kukuuliza cheti ambacho wewe kisheria huwezi kuwa nacho. Usiache wazi na usibabaike, andika barua moja fupi ieleze kuwa nyie mmesajiliwa Zanzibar na muambatishe cheti chenu. Nimeona jumuiya nzuri imeacha kisanduku hicho kitupu na kitupu kikahesabiwa kuwa hawana usajili.

Kikundi ambacho hakijasajiliwa nacho hakijafungiwa mlango moja kwa moja. Kinaweza kuingia chini ya mbawa za jumuiya iliyosajiliwa, yaani jumuiya kubwa ndo inayosaini mkataba na kupokea hela, na kikundi kinafanya kazi. Ni njia nzuri lakini andikeni makubaliano kabla, nani anashika kitabu cha hundi, jumuiya kubwa inakata asilimia ngapi kwa taabu yake, vifaa vikinunuliwa ni vya nani mradi ukiisha. Undugu usiwadanganye hapo, mashine za cherehani zimevunja urafiki wa watu wengi. Kama hamjui pa kupata msaada wa karatasi, PACSO kwa Pemba na ANGOZA kwa jumuiya za Zanzibar nzima ndo miavuli ya kuanzia.

Yaliyosalia yanakwenda kwa kamati. Kamati ya ruzuku kwa kawaida si bodi, ni watu waliochaguliwa, mwalimu mstaafu, daktari, mtu wa hesabu, pengine mtu wa wizarani. Kila mmoja anasoma peke yake anatia maksi: tatizo limeelezwa vipi, njia yao inaingia akilini, wana uwezo wa kufanya, bajeti inalingana na kazi, na itakuwaje hela ikiisha. Halafu wanakutana. Na kikao hicho watu wanakidhania ni cha kupiga kelele, kumbe muda mwingi unaishia kwenye yale maandiko ambayo maksi zimetofautiana sana, mmoja kampa 80 mwengine 45, wanaulizana wewe umeona nini ambacho mie sijakiona. Maandiko ya juu kabisa na ya chini kabisa yanapita haraka. Kinachopiganiwa ni pale kati, na pale kati ndo ambapo sentensi moja inayoeleweka inaokoa au kuzamisha. "Tutawajengea uwezo wanajamii" haiokoi kitu. "Tutawafundisha wazazi wa shehia tatu namna ya kupeleka kesi ya mtoto polisi na kuifuatilia mpaka mahakamani" hiyo msomaji anaiona kwa macho.

Kuhusu ujamaa, hapa niseme wazi. Kisiwa ni kidogo. Pemba nzima ina wilaya nne, nani si shemegi wa nani? Ukisema kila mwenye jamaa asikae kwenye kamati utabaki huna kamati. Kwa hiyo utaratibu unaotumika na faundesheni zenye nidhamu ni mwengine: kila mjumbe kabla hajasoma anajaza fomu ya kutaja jumuiya alizo na uhusiano nazo, mke wake mshika fedha pale, yeye mwenyewe aliwahi kuwa mlezi, na andiko la jumuiya hiyo likifika anatoka nje ya chumba. Anatoka, si kukaa kimya. Kukaa kimya hakutoshi manake macho yake yapo, na wenzake wataona haya kulisema andiko la mkewe mbele yake. Na kutoka huko kuandikwe kwenye muhtasari. Ukitaka kuijua faundesheni ni ya kweli au ya kupeana usianzie kwenye orodha ya waliopata, kwanza waulize wana fomu hiyo na muhtasari unaonesha nani alitoka lini. Wakikasirika kwa swali hilo, jibu ushalipata.

Walioshinda kwenye maksi wanatembelewa. Watu wanaandaa ziara kama harusi, maturubai, sambusa, watoto na kaswida, ilhali mgeni anachotaka ni kitabu cha fedha. Ataomba azungumze na mshika fedha peke yake. Atamuuliza mwanachama wa kawaida, bi mmoja aliyekaa nyuma, kuwa huu mradi unajua unahusu nini, na kama yule bi hajui basi mwenyekiti kaandika andiko peke yake usiku kwenye laptop. Atapita kwa sheha. Ziara haiongezi maksi nyingi lakini inaweza kuzifuta zote.

Bajeti ina ugomvi wake. Wafadhili wengi wanaweka kikomo cha gharama za uendeshaji, asilimia 10, 15, na wengine hawataki kabisa kusikia kodi ya ofisi wala mshahara. Mie naona huo ni unafiki, unataka kazi ifanyike lakini hutaki mtu wa kuifanya ale, na matokeo yake jumuiya zinaficha mshahara ndani ya "posho za mafunzo" na kila mtu anajua na kila mtu anajifanya hajui. Lakini maadamu ndo ilivo, andikeni gharama za kweli chini ya majina ya kweli mpaka pale kikomo kinaporuhusu, na ile inayobaki onesheni kuwa mnaichangia wenyewe: ukumbi wa skuli mliopewa bure una thamani, siku za kazi za kujitolea zina thamani, mchanga na mawe waliyobeba wanakijiji yana thamani. Huo ndo mchango wa jamii, na faundesheni za jamii zinaupenda kuliko mfadhili mwengine yeyote kwa sababu unaonesha mradi una wenyewe. Epukeni mstari wa "mengineyo". Na nambari zote zikiwa za duara, milioni moja, laki tano, laki mbili, msomaji anajua hamjaulizia bei dukani.

Kamati ikishamaliza inapeleka mapendekezo kwa bodi, bodi ndo inasaini, mara nyingi inakubali kama yalivo na mara moja moja inauliza mbona Unguja Mjini wamepata wote na Mkoani kule Pemba hakuna hata mmoja. Ni swali la haki, na jibu lake ndo udhaifu mkubwa wa mchakato mzima: fomu inampendelea anaejua kuandika, tena mara nyingi kwa Kiingereza, tena kwenye intaneti isiyokatika. Jumuiya ya mjini yenye kijana aliyesoma usimamizi wa miradi itaishinda jumuiya ya Kojani inayofanya kazi mara mbili yake. Baadhi ya faundesheni duniani zimeanza kuwapa wanajamii wenyewe kura ya kuchagua nani apewe, au kupokea maombi kwa sauti, au kumtuma afisa akae na kikundi aandike wanayoyasema. Inafanya kazi, ila ni ghali na inachukua muda, na wafadhili wa hela ya kupita hawana subira hiyo. Kwa sasa angalau waombeni wapokee maandiko kwa Kiswahili, mkiomba wengi kwa pamoja ni vigumu kukataa.

Ukipata, hela haiji yote. Inakuja kwa awamu, sehemu kubwa mwanzo, nyengine baada ya ripoti, na kipande cha mwisho baada ya kila kitu kukaguliwa, kwa hiyo panga kazi zako usije ukakodi ukumbi kwa hela ambayo bado iko benki kwao. Risiti ndo roho ya ripoti na huku visiwani kuna pahala risiti haipo. Nahodha wa mashua ya kwenda Kojani hatoi risiti, bi anaewapikia wali wa mkutano hatoi risiti. Tengenezeni hati ya malipo yenu wenyewe: tarehe, kazi, kiasi, jina na saini ya aliyelipwa, nambari yake ya simu, na saini ya wenu wawili, na bora zaidi mlipeni kwa hela ya simu ujumbe ubaki. Waulizeni faundesheni mapema kama wanaikubali hati hiyo na mpaka kiasi gani. Na bei zikipanda mkataka kuhamisha hela kutoka mstari mmoja kwenda mwengine, ombeni ruhusa kwa maandishi kabla ya kuitumia, si baada. Kuomba kabla hakukataliwi sana. Kueleza baada ndo kunapoanza maneno ya ubadhirifu, hata kama hakuna shilingi iliyoliwa.

Na mkikosa, msinune mkaishia hapo. Andikeni barua ya kiungwana ndani ya wiki chache mkiuliza mambo mawili: maksi zetu zilipungua sehemu gani, na fungu hili linafunguliwa tena mwezi gani. Ofisi yenye utaratibu ina jibu la yote mawili kwenye faili, na baadhi yao watawaambia kwa simu kile ambacho hawawezi kukiandika, kwamba andiko lilikuwa zuri ila mliomba fungu la mazingira na fungu lenu khasa ni la kipato, tangazo lake linatoka baada ya Mfunguo Mosi.